Bibi alipanda Rungwe kwa kuni, mjukuu anapanda kwa kamera: ipi ni hobi?

SWALI: Mimi ni mkulima wa ndizi na parachichi, Tukuyu. Binti yangu amemaliza chuo na anaomba kazi kwenye kampuni ya kuongoza watalii. Kwenye fomu kuna mahali pa kujaza hobi. Kaandika "kupanda milima na kupiga picha za maua". Nikacheka, maana mama yangu, bibi yake, amepanda huo huo Mlima Rungwe maisha yake yote kutafuta kuni na mianzi, na hakuna aliyesema ana hobi. Tulisema ana shida. Binti akanuna, akaniuliza, "Wewe baba, hobi yako ni nini?" Nikakosa jibu. Mdogo wake wa miaka 22 akadakia kwamba yake ni mikeka ya mpira, yaani kubeti mechi nyingi kwa mkupuo mmoja. Mtaalamu, sisi wa zamani hatukuwa na hobi? Ni jambo la wazungu, au la wenye pesa? Na hiyo mikeka nayo tuiite hobi? Samahani kwa kuchelewa kutuma. Nimeandika kwa vipande, jioni zangu zote zinaishia kwenye mti wangu nyuma ya jiko, niliobebesha parachichi aina tatu kwenye shina moja. Ya tatu inagoma kushika.

JIBU: Kamwene, kaka, kutoka Iringa. Ninyi huko mngesema mugonile, mkiulizana kama mmelala, na kwa baridi hii ya Juni sijui kama yupo aliyelala.

Kicheko chako ndicho swali lenyewe, kwa hiyo nakianzia. Chini ya Mont Blanc, sehemu ambayo leo ni Ufaransa, wanakijiji wa Chamonix walikuwa wakikwea miamba kuwinda wanyama wa milimani na kuchimbua mawe ya fuwele ya kuuza. Ilikuwa riziki, na ya hatari. Mmoja wa hao watafuta fuwele, Jacques Balmat, ndiye aliyefika kileleni mwaka 1786 pamoja na daktari wa kijijini, Michel Paccard, na nyuma ya safari hiyo kulikuwa na zawadi ya fedha iliyoahidiwa na mwanasayansi wa Geneva. Miaka 71 baadaye, 1857, mabwana wa London wakaanzisha chama cha kupanda milima hiyo hiyo kwa kujifurahisha, na wajukuu wa wale wawindaji wakawa wanalipwa kuwaonyesha njia. Miamba ilikuwa ile ile. Waliokuja kutoka London walikuwa na likizo, walikuwa na reli ya kuwafikisha, na walikuwa na kazi za mezani ambazo zinachosha kichwa na kuacha miguu ikiwa na hamu. Hata kwetu, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, waliobeba mizigo yao hawakuandikwa kuwa wapanda milima. Walikuwa wapagazi.

Basi hobi haimo ndani ya tendo. Ukilitazama tendo peke yake huwezi kujua. Kipimo ninachokitumia ni kifupi: mtu huyu anaweza kuliacha? Mama yako hakuweza. Asingepanda, jiko lisingewaka, na ninyi mngelala na njaa. Binti yako akiamka akasikia mvua ya Tukuyu inapiga bati, anageuka upande wa pili anavuta blanketi, na hakuna kinachoharibika. Yeye ana hobi na bibi yake alikuwa na kazi, ingawa njia ni ile ile na pengine hata jiwe la kupumzikia ni lile lile. Ukienda Kitulo utaliona jambo hilo likiwa la leo kabisa. Watu wanatoka mbali kupiga picha maua ya okidi, ndiyo sababu uwanda ule unaitwa Bustani ya Mungu na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Lakini viazi vya okidi hizo hizo vilichimbwa miaka mingi na watu wa Makete na kwingineko, vikavushwa mpaka kuuzwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Ua moja, mmoja analiinamia na lenzi, mwingine na jembe.

Sasa, kama wa zamani hawakuwa na hobi. Neno hawakuwa nalo, na hata Kiswahili hakikuliandalia chumba. Tuna "starehe", ukiitaja watu wanawaza bia. Tuna "burudani", ambayo siku hizi zaidi ni ya kutazama kuliko kutenda. "Mapumziko" ni ya mtu aliyechoka. Liko "uraibu", ambalo lilikaribia kabisa kuwa ndilo, na wengine shuleni walifundishwa hivyo, lakini lilipata ajali njiani. Nitalirudia tukifika kwa kijana wako.

Jambo lenyewe lakini walikuwa nalo, na ninyi Wanyakyusa mlikuwa nalo kuliko wengi. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi Unyakyusa katikati ya miaka ya 1930 wakichunguza vijiji vya rika: wavulana wachungaji waliolingana umri wakijenga vibanda vyao kando ya wazazi, wakikua, wakioa na kuzeeka pamoja. Walipouliza faida ya kuishi hivyo, neno lililorudi kila mara lilikuwa ukwangala. Huhitaji mimi nikueleze. Ni kukaa na wenzako, kula pamoja, kunywa, kuzungumza, kutaniana, na humo humo mtu anajifunza adabu na akili. Sasa hebu jaribu kuliandika kwenye fomu ya kazi. Mwajiri atasoma: huyu anapenda kupiga soga. Fomu inauliza "unafanya nini ukiwa peke yako na muda wako", na ukwangala unajibu "nakaa na nani". Ndiyo maana ulikosa jibu mbele ya binti yako. Uliulizwa kwa kipimo cha watu wengine.

Wingi wa muda wenyewe ulipangwa na mvua. Rungwe inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na mgomba hauna msimu wa kufunga duka, kwa hiyo kwenu raha ilikatwa vipande vidogo, jioni hii kidogo na ile kidogo. Ukishuka Ismani, hapa kwetu Iringa, mahindi yakishaingia ghalani inafuata miezi ya jua tupu, na ngoma na harusi zote zilikaa hapo. Ulanzi, pombe ya mianzi, peke yake ndio mkaidi. Mianzi inatoa maji yake masika, wakati huo huo shamba linataka palizi, na mzee anayezunguka asubuhi na jioni kukagua mbeta zake, vile vyombo vya kukingia ulanzi, anaonekana yuko kazini. Wake zao wana maoni mengine.

Nimewataja wake, na hapa wataalamu wa fani yangu walichelewa sana kufungua macho. Mwanamke wa nyanda hizi hakupewa muda wa kuacha. Alichofanya ni kuiba raha ndani ya kazi. Akina mama wa Iringa na Mufindi walisuka vikapu vya milulu huku wakisimuliana, mikono inasuka na mdomo unasema, na mume akipita anaona kazi tu. Leo vikapu hivyo vinauzwa hadi Ulaya na Marekani. Oda inakuja na vipimo: kimo hiki, mdomo upana huu, tarehe hii. Pesa inasaidia na simlaumu mtu, ila mama mmoja aliniambia kwamba sasa wanasuka kimya, kwa sababu ukizungumza unakosea kuhesabu mistari. Kilichokuwa nusu kazi nusu maongezi kimekuwa kazi nzima. Mpaka kati ya kazi na hobi unapitika pande zote mbili. Binti yako amevuka kutoka upande wa kuni, hao wamevuka kuelekea upande wa oda.

Hobi kama fomu inavyoielewa ilihitaji saa. Iliingia kwa kengele ya misheni na Jumapili yake tangu 1891, wamisionari wa Moravian na wa Berlin walipofika kwenu. Ikaingia kwa king'ora cha mashamba ya chai Mufindi na kwa machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, ambayo miaka ya 1930 yalivuta vijana wengi wa Kinyakyusa. Hapo kwa mara ya kwanza siku ilikatwa kwa kisu: huku muda wa bwana, huku muda wako. Na muda wako ulipopata mipaka ukahitaji kujazwa. Tazama walivyoujaza. Wanaume waliokuwa askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza walikuwa wameona bendi za jeshi zikipita kwa gwaride. Wakarudi kwao pwani ya Ziwa Nyasa, pande zote mbili za mpaka, wakatengeneza tarumbeta kwa vibuyu, wakavaa kaptura nyeupe na soksi ndefu, wakapeana vyeo, wakalinganisha mguu kwa mguu. Ndiyo ngoma ya mganda, ndiyo malipenga. Pwani ya bahari binamu yake aliitwa beni. Mzungu aliyewaamrisha gwaride alidhani amewafundisha utii. Wao walichukua gwaride wakalifanya mchezo wa Jumapili, kijiji hiki kushindana na kile, na jambo walilowahi kulifanya kwa amri sasa wakalifanya kwa hiari, tena kwa madaha. Sijui mfano mzuri zaidi wa kile ninachokueleza.

Lakini muda wa raha ukishakuwa na mipaka, anajitokeza pia mlinzi wa mipaka. Bao unalijua: mashimo 32, kete 64, na akili ya kuhesabu mizunguko mitatu mbele kabla hujanyanyua mkono. Mwaka 1983 serikali ilipoleta kampeni ya Nguvu Kazi, mtu aliyekutwa mjini mchana bila kazi alionekana mzururaji wa kurudishwa kijijini. Wachezaji wale wale, ubao ule ule chini ya mwembe ule ule, saa kumi na moja jioni ni wazee wenye busara na saa nne asubuhi ni tatizo la taifa. Hata leo kijana anayecheza drafti kwa vizibo vya soda kijiweni anaitwa mvivu, na mwenye mshahara anayecheza mchezo kwenye simu ofisini anaitwa mchapakazi aliyepumzika kidogo.

Redio niipitie haraka, kwa sababu najua ukifunguliwa mlango huo hutatoka. Mwaka 1986 Tukuyu Stars walipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, ulikuwa na miaka mingapi? Redio ilikuwa moja, watu wangapi wameizunguka? Ule bado ulikuwa ukwangala, wenye betri. Na wale wapenzi wa salamu waliojaza kadi na kungoja wiki nzima wasikie majina yao yakisomwa hewani walikuwa na hobi kamili kwa kipimo chochote, ya kujilipia wenyewe, isiyo na faida hata senti. Televisheni Bara ilianza 1994 tu. Ikazaa vibanda umiza, vile vya kulipia kutazama mpira, na huko ndiko tunakompata kijana wako.

Jumamosi nenda Mwanjelwa, Mbeya, mida ya saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, kutegemea Uingereza wamesogeza saa zao au la. Benchi zimejaa. Kwa nini saa hiyo? Kwa sababu kule ni saa tisa alasiri, na saa tisa ya Jumamosi ina historia ya kiwandani. Sheria ya viwanda ya Uingereza ya mwaka 1850 iliamuru wanawake na vijana wa viwanda vya nguo waachiwe saa nane mchana siku ya Jumamosi, na desturi hiyo ikaenea kwa wafanyakazi wengine. Mtu akitoka saa nane anahitaji muda wa kula na kutembea hadi uwanjani. Mpira ukapangwa hapo, na hapo umebaki. Kwa hiyo jioni ya kijana wa Tukuyu inapangwa na ratiba ya wasokota nyuzi waliokufa zamani. Napenda sana jambo hili, nisamehe.

Kutazama mpira ni burudani, hatugombani. Mkeka ni jambo la pili. Kisheria ni halali, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 inaruhusu na kijana wako amevuka miaka 18. Ila mkalishe chini umfanyie hesabu hii. Chukua mchezo wa kurusha sarafu: kichwa au mwenge, nusu kwa nusu. Odi, yaani namba inayozidishwa na dau ukishinda, ya haki ingekuwa 2.00. Tuseme kampuni inampa 1.90, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo inayolipa mishahara yao. Mechi moja, tofauti ni ndogo, haoni. Lakini yeye hachezi mechi moja, anasuka mkeka wa mechi kumi ili shilingi 1,000 iwe laki kadhaa. Zidisha 2.00 mara kumi, unapata 1,024. Zidisha 1.90 mara kumi, unapata 613 na kitu. Nafasi yake ya kushinda ni moja kati ya 1,024, na akishinda analipwa kama 613,000 badala ya 1,024,000. Yaani katika kila shilingi 100 anazoweka kwenye mkeka wa namna hiyo, kwa wastani takriban 40 zimeshabaki kwa kampuni kabla refa hajapuliza. Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo sehemu ya kampuni inavyonona. Na mkeka haukuitwa mkeka bure; mechi moja ikichana, umechanika wote.

Je, ni hobi? Hapa ndipo "uraibu" linaporudi. Zamani lilikuwa neno la kile kitu kidogo kinachomburudisha mtu: tambuu yake, tumbaku yake, jambo alipendalo jioni. Leo ukisema uraibu, msikilizaji anafikiri dawa za kulevya na nyumba za kuwasaidia walioathirika. Neno limeteleza kutoka kinachoweza kuachwa hadi kisichoachika, na njia iliyopita ndiyo anayopita mtu. Mwulize kijana mambo mawili, bila kugomba. Wikendi asiyokuwa na hela ya kubeti, bado anatazama mechi? Akisema ndiyo, anapenda mpira, na mkeka ni chumvi. Akisema mechi bila mkeka haina ladha, mpira haumo tena. La pili: amewahi kukopa, au kuuza kitu, ili aweke? Kama ndiyo, liache suala la hobi na umtafutie msaada wa mtu anayemheshimu, mjomba au mchungaji, kabla mkeka haujampeleka mbali zaidi. Na usisahau anachokitafuta. Wengi wa rika lake hawachezi ili wapumzike, kwa sababu hawana kazi ya kupumzikia. Wanatafuta mtaji kwa jina la mchezo. Anayetafuta mtaji hana uwezo wa kuacha, ndiyo maana namwogopea.

Pesa, ulivyouliza, inahusika, lakini si kama unavyodhani. Nimeona matajiri wa mbao Mafinga ambao hawana dakika moja ya kufanya jambo lisilo na risiti, na mzee wa Makete asiye na kitu anayechonga filimbi na kuwagawia watoto. Pesa inanunua vifaa, na mara nyingine inanunua muda. Ikiingia ndani ya jambo lenyewe ndipo inaanza kulibadilisha.

Na hapo nafika kwako. Uliandika huna hobi, kisha mwisho wa barua ukaomba radhi kwa kuchelewa, kwa sababu ya mti. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili. Parachichi zako za shambani ni biashara, nazielewa: kuna mnunuzi, kuna uzito, kuna tunda linalokataliwa kwa doa. Lakini hakuna mnunuzi anayetaka mti wenye aina tatu kwenye shina moja. Hauna soko. Unauendea jioni ukiwa umechoka, vikonyo vinakufa, unakata vingine, unafunga nailoni upya, na hakuna wa kukudai. Mwanasosholojia Robert Stebbins wa Kanada, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, amekuwa akiitenga burudani ya namna hii na ile nyepesi ya kujilaza mbele ya televisheni: ile inayodai ujuzi, inayokatisha tamaa katikati, na mtu bado anairudia kwa sababu imekuwa sehemu ya alivyo. Anawafikiria wapiga vyombo wasiolipwa na watazama nyota. Angekufikiria na wewe.

Kuhusu fomu. Binti asiandike "kupanda milima" hivyo hivyo, wenzake mia wameandika hivyo pamoja na "kusoma vitabu" na "kusafiri", na msailiwa wa kwanza akiulizwa kitabu gani anaangalia dari. Aandike milima aliyopanda kwa majina, na miezi. Aandike maua anayoyatambua na wapi yanachanua. Kitulo ni kati ya Novemba na Aprili, na kampuni ya watalii inajua hilo, watapenda naye akilijua. Na kama ana ujasiri, aandike kwamba njia ya Rungwe alionyeshwa na bibi yake aliyekuwa akiipita na mzigo wa kuni. Mwongoza watalii mwenye habari hiyo ana kitu cha kusimulia njiani, na wageni wanalipa kusimuliwa. Sasa, akiipata kazi, itabidi apande hata siku ya mvua, hata asipotaka. Mwambie mapema ajitafutie kitu kingine cha jioni.

Hicho kikonyo kinachogoma, umekikata asubuhi au mchana? Jaribu asubuhi na mapema, kisu kiwe kimechemshwa, na kabla hujafunga linganisha unene wa kikonyo na wa tawi. Kikishika, nitumie picha.